Maksi za Mtaa

Fomu ilikuja na mihuri miwili,
maswali ishirini na visanduku vya tiki.
Shule ipo? Ipo. Zahanati ipo? Ipo.
Mimi mtendaji wa mtaa ningeijaza peke yangu
chai haijapoa.
Lakini waraka ulisema: watoto washirikishwe.

Basi Jumamosi wakaja kumi na mmoja,
na chaki za rangi, na kamba ya katani yenye mafundo.
Swaumu Chihipu, darasa la sita, akaichukua fomu,
akaisoma, akaigeuza upande mweupe.
"Tuanze kwa miguu," alisema.

Mimi Masasi hii naijua kwa namba za nyumba
na madeni ya taka.
Wao wanaijua kwa mwendo:
hapa unatembea, hapa unakimbia,
hapa unapita ukiimba
ili mbwa wa Nakapanya ajue wewe si mwizi.
Msimu wa korosho, malori yakitoka ghalani,
mtoto husubiri ng'ambo, mdogo wake mgongoni,
mpaka kengele ya pili ilie.
Andika, mtendaji.
Bomba lipo, ndiyo, ila koki iko juu,
Mfaume hupanda ndoo ya mwenzie kuifikia.
Andika.
Taa ya nguzo imekufa tangu Ramadhani.
Kwa Mama Chitanda, maksi kumi:
anakaanga mihogo, na mvua ikinyesha
hamfukuzi mtu kibarazani.
Uwanja, wavulana wakasema nane.
Somoe akauliza: "Msichana kacheza pale lini?"
Wakatazama vidole vya miguu yao.
Ikaandikwa tatu.

Ausi, anayetembelea magongo, hakusema kitu.
Alikuwa anahesabu.
Kona ya nne akasimama mbele ya ukuta,
matofali ya saruji, vigae vya chupa juu yake.
"Zamani nilipita hapa. Hatua sitini hadi darasani.
Sasa nazunguka. Mia nne na kumi na mbili."

Kimya.
Kila mtoto aliujua ukuta ule ni wa nani.
Nami niliujua. Niliujenga kwa pesa ya korosho,
chupa nilizivunja mwenyewe.

"Maksi ngapi?" nikauliza,
sauti ikanitoka nyembamba.
Wakanong'onezana. Wana adabu watoto hawa.
Swaumu akaitandaza kamba chini ya ukuta, fundo kwa fundo,
kisha akampima Ausi, bega hadi bega,
akaongeza magongo.
"Hapa bado hatujaweka," akasema. "Tunasubiri."

Usiku nikayanakili yote kwa kalamu ya ofisi,
mbwa, malori, koki, mihogo.
Kisanduku kimoja kipo wazi.

Na ukutani chaki nyekundu ipo bado:
mistari miwili iliyosimama,
kati yake nafasi ya mtoto na magongo yake.
Mke wangu kaiona alipokuwa akifagia.
Hakuifuta. Kaniuliza tu,
ile nyundo kubwa aliiazima nani.