Kioo Kisichopanguswa

Akureyri, Januari. Jua hutoka saa tano,
saa tisa limeshachoka.
Mezani kwa Oddný pana vioo viwili.

Cha kushoto hupenda ngozi: kiguse, kinaamka;
ukikivalia glavu ya sufu, kinakukana
kama mdaiwa sokoni.
Tena hakijui kuchagua. Kiganja kikilala juu yake,
chapa! kimechora wingu ambalo hakuna aliyeliomba.

Cha kulia ni cha kalamu.
Kidole kwake si kitu, hata ubonyeze kwa hasira.
Mkono mzima unakiegemea, unapumzika,
Oddný anashusha ncha polepole,
na kabla haijagusa, kidoa kidogo ndani ya kioo
kimekwisha kujua inakoelekea.
Akikandamiza, wino unanenepa.
Akilegeza, unakuwa unywele,
ukingo wa bawa la membe.
Bei yake ilimeza mishahara mitatu.

Sölvi, miaka sita, alikidharau.
"Mama, hiki kimekufa,"
akarudi kwenye kile kinachomjibu,
akakokota farasi wa buluu kwa kidole chenye siagi.

Sasa yuko Reykjavík kwa baba yake, hadi Pasaka.

Kila jioni Oddný hupangusa kioo cha kalamu
kwa kitambaa laini, hadi king'ae.
Kile kingine hukizima tu.
Kikiwa cheusi, taa ya barabarani ikikimulika ubavuni,
farasi anaonekana:
mafuta matupu, miguu mitano,
mkia haujaisha.