Ukoga

Aili Korpela aliingia na theluji mabegani,
amekumbatia kopo la kahawa
kama mtoto wa watu aliyeachiwa kwa saa moja.
"Za Reino," akasema. "Niambie ni kiasi gani."

Nje, Butte ilikuwa imejikunyata kwa baridi ya Januari,
minara ya migodi imesimama bila kazi.
Nikatandika kitambaa cheusi, nikawasha taa.
Akamimina.

Sijapata kuona fedha ikimeta hivyo.
Dola arobaini na moja, kila moja
Reino aliichomoa katika mshahara wa mgodini
akaileta nyumbani isije ikanywewa.
Na kila Krismasi, miaka hamsini,
mkewe alizisugua kwa magadi na flaneli
hata shavu la yule Bibi Uhuru
likawa kama sabuni iliyokwisha kutumika.

Ningefanyaje? Mizani haina haya.
Niliziangusha mezani moja moja, zikalia vyema,
mlio mrefu, usio na hila.
Lakini mnunuzi hataki usafi.
Anataka ukoga, ile rangi ya chai, ya zambarau,
ambayo miaka huipaka bila haraka,
na mama huyu ameiondoa kwa mapenzi,
Desemba baada ya Desemba.

"Nitakulipa kwa uzito tu," nikasema, macho kwenye vidole vyake.
Hakulia. Aliuliza kama magadi yalikuwa mabaya.
Nikamwambia yalikuwa magadi mazuri.

Akatia mkono mfukoni.
"Na hii. Ilishonewa ndani ya koti lake la kazi.
Nimeiona juzi. Samahani, ni chafu."

Nyeusi kama kitako cha sufuria.
Niliigeuza chini ya kioo cha kukuzia:
tai, manyoya yote ya kifuani yapo,
na chini ya shada, herufi mbili, C na C.
Themanini na tisa, ya karne ile.
Nilisoma mwaka mara tatu, kama mlevi anayehesabu ngazi.

Nilipoinua uso alikwisha kutoa flaneli,
anaipumulia sarafu.
Nikamdaka mkono.

Bei niliiandika kwenye karatasi; kuitamka sikuweza.
Aliisoma. Akaikunja karatasi mara mbili.
Kisha akaanza kuzirudisha zile zing'aazo koponi,
moja, moja, bila kelele.

"Hizi alinipa mkononi," akasema.
"Hiyo alinificha. Iuze."