Kashata

Mteja akiuliza, jibu nilikuwa nalo.
Miaka tisa nyuma ya kaunta ya Hakimji, Barabara ya Kilindini,
na bunduki pekee niliyowahi kuifyatua
ni ya upepo, kwenye maonyesho,
nikaikosa chupa mara tatu.

"Tatu Sabini na Tano," nilisema,
"hiyo ni mahamri kwa mbaazi,
haikuaibishi mbele ya mgeni yeyote.
Pofu atalala, simba atalala,
nyati ukimpata nyuma ya bega atakuelewa.
Na teke lake bega hulizoea."

Thelathini Sufuri Sita?
"Ya kongoni hiyo. Kwa nyati ni kumtukana,
kisha usimame pale pale akujibu."

Na Nne Hamsini na Nane?
Hapo nilishusha sauti,
nikaisimamisha moja juu ya kioo,
nene, fupi, kidole gumba cha kuli.
"Hii haibembelezi."

Yote niliyasoma ubavuni mwa maboksi.
Mengine niliyaokota kwa mteja wa Jumatatu
nikamuuzia wa Jumanne.

Akaja Rozario, Mgoa wa ofisi za bandari,
kibali cha nyati mmoja kakikunja mfukoni,
bunduki mbili za shemejiye zikimngoja nyumbani
achague.
Nyuma yake Badiva, Mwata, msoma nyayo.
Nilimpa kiti. Akabaki mlangoni.

Rozario alizipima, moja kila kiganja,
kama anunuaye nyanya.
"Hii naijua," alisema ya kushoto.
"Hii naiogopa," ya kulia.
Jasho likimdondoka kwenye kioo, mwezi wa Machi,
Mombasa nzima imefunikwa sufuria.

Hakimji akakohoa.
Kikohozi kimoja, na maana yake niliijua:
zile za darini zitoke.
Zilikuwa na Ramadhani mbili chini ya mabati,
Nne Hamsini na Nane, boksi kumi na moja,
mahali ambapo mshumaa uliwahi kulala wima
ukaamka umepiga magoti.

"Chukua ya kulia," nikasema. "Nyati hana nafasi ya pili."
Nikamfungia boksi moja kwa gazeti.

Siku ya kumi na tisa Badiva alirudi peke yake.
Aliweka risasi moja juu ya kaunta,
akaing'oa kichwa kwa koleo,
akaiinamisha.
Baruti haikumiminika.
Aligonga. Kikatoka kidonge, kimeshikana,
kashata.

"Ya kwanza ilikwenda," alisema.
"Ya pili ilikohoa."

"Na bwana?"
"Hospitali, Voi. Mguu wameukata."
"Na nyati?"
"Nilimfuata siku mbili. Huachi mnyama na chuma tumboni."
"Ulimmaliza kwa nini?"
Swali la mdomo wa duka, lilitoka lenyewe.
Alinitazama
kama mtu anavyomtazama askari,
mikono yake nyuma ya mgongo,
kwani upinde ni jela, nami nilijua,
na hakuna boksi lenye maelezo yake.

Hakimji hakukohoa. Alikuwa akihesabu noti,
akahesabu upya.

Badiva alitaka bei ya risasi kumi na saba.
Duka halirudishi baruti, limeandikwa ukutani kwa lugha tatu.
Nilimlipa kwa mshahara wangu, nusu,
nusu nikamwambia aje mwisho wa mwezi.
Hakuja mwisho wa mwezi.
Sijui kama Rozario aliwahi kujua.

Jioni nilipanda darini.
Nilikaa kati ya maboksi kumi
hadi shati likanigandia,
nikitikisa risasi moja moja sikioni.
Nyingine zilinong'ona.
Nyingine kimya.

Kisha nikashuka, nikafungua daftari la bidhaa,
nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri:
*boksi kumi, zimeharibika, maji ya mvua.*

Mwaka ule mvua ilichelewa hadi Mei.