Kamba ya Nguo

Oja Tombi hakuwa na fedha ya kukodi mtu mrefu.
Alifunga glovu kuukuu kwenye ncha ya mwanzi,
akapanda juu ya kreti la soda
akanidungua nao usoni mchana kutwa,
nyuma ya ghala la mpunga, Imphal,
ambako hata jasho lilinuka samaki wa kuvundikwa.

Kamba ya nguo ya shangazi akaihamisha,
akaikaza usawa wa kidevu changu.
"Pita chini. Kulia. Kushoto. Tena.
Usiiname kama anayetafuta sindano;
kunja goti, jicho libaki juu."
Miezi saba: shangazi akianika, mimi nikipita,
sketi mbichi zikinidondokea kisogoni.

"Ukikaa mbali, hakupati.
Ukimganda kifuani, hakupati.
Hapo katikati ndipo penye mvua,
usisimame kutazama mawingu.
Na usigombane na mkono unaokuja.
Ukirudi kwao, rudi nao,
kama mgeni asiyengoja hodi yake iitikiwe."

Rohtak, Januari. Ukungu umeingia hadi ukumbini.
Rajbala Sangwan akavua joho:
mikono ile ungeanikia nguo za kijiji kizima.

Raundi ya kwanza nilisahau yote.
Ngumi yake ya kushoto ilinikuta nikiwaza,
ikanikuta nimeacha kuwaza.
Wasemao fimbo ya mbali haiui nyoka
hawajasimama mbele ya Rajbala.

Kona. Maji. Oja hakufoka.
Alipitisha taulo mbele ya macho yangu,
polepole, kulia, kushoto,
nikasikia harufu ya sabuni ya nyumbani.

Basi nikawa nyoka.
Chini ya mkono, mguu wangu nje ya mguu wake,
paji kwenye kifua chake, ngumi mbavuni,
moja, mbili,
na ile ya ini.
Akanikumbatia; nikaendelea na kazi humo humo kumbationi.
Nani amewahi kukata mti kuanzia kileleni?
Raundi ya tatu kiwiko chake kikashuka,
kisha bega, kisha shingo,
na kwa mara ya kwanza siku ile
macho yetu yakawa kimo kimoja.

Majaji wakampa yeye. Watatu kwa wawili.

Baadaye, bombani, aliinama kunywa,
akashika ubavu, akanigeukia:
"Wewe, nani alikufundisha ufupi?"

Jina la Oja lilikuwa mdomoni.
Nikasema, "Shangazi. Siku za kufua."