Mto wa Barabara ya Kumi na Tatu

Nyumbani kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
hakuna chombo kilichowahi kukaa uchi.
Redio ilivishwa. Televisheni ilivishwa,
kitambaa cha kufuma, ncha ikimning'inia mtangazaji usoni,
na rimoti, mwaka wa tisa huu, haijavuliwa nailoni yake.
Kwa hiyo mama aliposema hasikii tena simu ikiita,
sikwenda mbali.

Nilifungua simu mfu tatu za dukani,
nikatoa vile vimota, kimoja kama punje ya mchele,
vinavyoitia simu homa.
Nikanunua uzi wa shaba, mwembamba kama unywele,
nikamwomba aufume pamoja na pamba nyeupe.
"Uzi gani huu mkaidi?"
"Wa umeme, mama."
"Basi uambie ulegee. Tunafuma, hatuchomelei."
Akaulegeza. Sijui kwa dua au kwa mate.

Jumapili Mwanamvua akapiga kutoka Mtwara,
na mto wa kochi ukatetema ubavuni mwa mama
kama paka aliyeshiba.
Akaruka, akamtaja Mungu, akataja panya,
kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Wiki mbili. Halafu ikaja Idi,
na Idi kwetu kila kitu hufuliwa.
Niliukuta kambani, unachuruzika maji ya sabuni,
kimya kama mtoto aliyechapwa bure.
Nilipandisha sauti. Nakiri.
Aliniacha nimalize.
"Shekue, kitu cha nyumba kisichofulika
si cha nyumba, ni mgeni."
Akachukua wembe, akafumua mshono,
akashona kifuko kwa ndani,
kwa vishikizo viwili vya shati la marehemu baba.
"Akili yake ikae humu. Siku ya kufua itoke, jioni irudi."
Mimi, niliyesomea umeme VETA,
sikuwa nimefikiria kishikizo.

Limebaki kosa moja, langu.
Mto unajua kuita, haujui kupokea.
Nimeahidi kurekebisha, sijarekebisha,
maana kila unapotetema
mama huuvuta pajani, huupapasa palepale penye shaba,
huusimulia: bei ya nazi, goti, jirani aliyehama bila kuaga.

Na dada anajua.
Huko Mtwara huiacha iite mpaka ikatike yenyewe,
kisha, taratibu, hupiga tena.