Mtutu wa Kuvuvia Moto

Nyumbani walisema alikuwa mfua fedha.
Walisema haraka, kama mtu afunikaye chungu,
wakarudi kwenye habari za vikuku na kekee
na jinsi mkufu wa Mwana Time ulivyolia akitembea.

Lakini daftari lililotoka kwenye kasha la marehemu shangazi
halina kikuku hata kimoja.
Lina harufu ya karafuu na mavi ya mende,
lina hati za Kiarabu zinazosema Kiswahili,
na mimi nizisomaye kwa kidole, kama mtoto wa chuoni,
jioni tatu nilikwama kwenye neno moja
mpaka Maalim Shekuwe wa Pangahari
akaniazima miwani yake na ukali wake:
"Gumegume, wewe! Ni gumegume!
Hulijui jiwe lililowalisha wazee wako?"

Gumegume mbili, vifyatuo vimelegea, rupia moya.
Mrao mmoja, mtutu umepasuka, nimekataa.
Mdeki wa chuma badala ya wa mti, nusu rupia, hajalipa.
Hajalipa. Hajalipa. Huyu naye hajalipa.
Lali wa Madi, fundi wa bunduki, Mtamwini,
babu wa babu yangu:
kumbe kudai bila kulipwa ni urithi.

Nilikwenda ngomeni. Kwenye sanduku la kioo
imelala bunduki ndefu, kitako kimetiwa njumu,
na kibandiko: Fundi hajulikani.
Nilibandika pua kiooni nikitafuta alama ya tupa,
mkwaruzo, kosa, chochote cha kwetu.
Mlinzi akaniambia nisiegemee.

Mimi hutengeneza simu Langoni,
kibanda cha pili baada ya muuza halua.
Nayajua maisha ya bisibisi:
kuinama mpaka shingo iwe ndoana,
kushika pumzi ili skrubu isiruke,
na ule utamu mdogo, kitu kilichokufa kikisema tik.
Naamini naye aliusikia, mtambo ukirudi mahali pake,
akautega, akautegua, akautega tena
bila haja, kwa raha ya masikio tu.

Kisha ukurasa wa kumi na tisa.
Magobori thelathini na mawili, ya msafara wa bara.
Yote yamejaribiwa. Yote yanalia vizuri.
Amelipa taslimu.
Jina la mlipaji limeliwa na mchwa;
hesabu hawakuigusa.
Hakuandika msafara ulifuata nini huko bara,
wala ulirudi na wangapi, wamefungwa vipi.
Na mjini hapakuwa na asiyejua.

Pembeni mwa thelathini na mawili pana doa.
Usiku kucha nililitaka liwe neno.
Liwe toba, liwe "mitambo nimeilegeza kusudi",
liwe chozi basi, hata chozi.
Asubuhi nikaliweka chini ya lenzi ninayotazamia saketi.
Mafuta.
Alikuwa anakula huku akiandika.

Na mimi? Juzi nimefungua simu yenye neno la siri.
Aliyeileta hakusema ameipata wapi, sikumwuliza.
Mia tano. Taslimu.

Nikampelekea bibi habari, yuko jikoni, ateleka chai.
"Bibi, Lali hakuwa mfua fedha."
Hakugeuka. Akaokota lile bomba la kuvuvia moto,
lile jeusi, fupi, tulilolifanya tarumbeta utotoni
tukachapwa.
"Na hili wadhani ni nini?
Babangu alilikata kwa msumeno, mwaka wa ndaa."

Nikalishika. Uzito wake ulikuwa umebadilika.
Nililielekeza kwenye mwanga wa ua nikachungulia:
hamna jina, hamna alama,
duara tu la mbingu, na masizi.

Sikujua upande upi risasi ilikuwa ikitokea.
Nikaweka mdomo, nikasita, nikageuza.
"Makaa yazima," bibi akasema.
Nikavuvia.