Breki Zote Kushoto

Mwalimu Shemzigwa alisema: dakika tatu,
sauti iwe yako, picha ziwe zako,
na hadithi iwe ile ambayo
ukiificha, utajua umeificha.
Kisha akafuta ubao, akaenda kunywa chai.

Picha ya baba ninayo moja.
Pongwe, mbele ya ghala la mkonge,
shati limepigwa pasi, kidevu kiko juu,
mkono wa kulia uko nyuma ya mgongo
kama wa askari anayesubiri amri.
Rukia aliiingiza kwenye kompyuta yake,
akanionyesha namna ya kuitembeza:
picha imetulia, jicho ndilo linalokwenda,
polepole, toka viatuni hadi usoni.
Nikalipeleka kulia. Nikaikuza picha
mpaka ikawa miraba ya kijivu na kahawia.
Mkono haukutoka.

Korona haina jicho.
Hula jani, hutema uzi,
na siku ile, Jumanne
(mama ndiye anayekumbuka kuwa ni Jumanne),
ilikula vidole vitatu
bila kubadilisha mlio.

Nilimwomba: Baba, nikupige kidogo tu, mkono.
Akautia mfukoni
akaniuliza bei ya vitunguu Mgandini.

Basi nikapiga baiskeli.
Ile ya Kichina, ukutani kwetu, Barabara ya Kumi na Tano,
ambayo fundi Kibwana alizihamisha breki,
ya mbele na ya nyuma, zote kushoto,
maana kulia hakukuwa na cha kukamatia.
Juu yake ndipo nilipojifunza.
Mpaka leo nikiazima baiskeli ya mtu,
hatari ikija, mkono wangu wa kushoto huruka peke yake,
wa kulia umelala,
nami nasimama nusu.
Nimeshagonga mbuzi mmoja na toroli la machungwa
kwa ajili ya vidole ambavyo si vyangu.

Hiyo ndiyo hadithi. Niliiandika kurasa nne.
Rukia akahesabu: dakika tatu
ni maneno mia tatu na ushei, usipokimbia.
Nikamkata mbuzi. Nikalikata toroli.
Nikaikata Jumanne.
Jumanne nikairudisha.

Sauti niliirekodi ndani ya kabati
saa sita usiku, maana mchana Ngamiani hainyamazi:
vikombe vya muuza kahawa, cherehani ya jirani,
watoto wanaogombania mpira ambao si wa yeyote.
Kanga za mama zikanifunika uso,
bado zina udi wa Idi iliyopita.
Mara ya kwanza nilisoma kama mtangazaji wa vifo.
Mara ya pili koo likanisaliti, nikafuta.
Mara ya tatu mama akagonga mlango wa kabati:
"We mtoto, unaongea na nani humo?"
Hiyo nimeiacha. Iko kwenye dakika ya pili.

Muziki sikuweka. Rukia aliniletea kinanda cha huzuni,
nikamwambia baba yangu hajafa.
Chini ya maneno nikatandika mlio wa mnyororo,
kra, kra, kra,
wa baiskeli inayosukumwa uani.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nikampa baba simu.
Akaishika kushoto, mbali na macho,
kama mtu anayesoma barua ya serikali.
Ikaisha. Akagusa kioo, ianze tena,
kwa kidole gumba cha kulia,
mkono ukiwa nje, mwangani,
gumba na kile kidogo cha mwisho,
nami nikautazama bila kuutazama.

Kuhusu korona hakusema. Kuhusu mimi hakusema.
"Huo mnyororo," akasema,
"unalia mpaka kwenye simu.
Watu watadhani kwetu hakuna mafuta."

Nimewasilisha. Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu:
nzuri, ila nyuma kuna kelele, isafishe.
Sijaisafisha.
Mnyororo wenyewe niliutia mafuta Jumamosi ile ile,
baba akiwa amesimama juu yangu, akinielekeza.
Sasa umenyamaza.
Hata nikitaka kuurekodi upya,
haupo.